Pumzi ya Mashine: Maneno Niliyowaambia Madobi na Mafundi wa Tanga

Maneno haya niliyasema katika ukumbi mmoja wa Ngamiani, mbele ya madobi, wenye nyumba za wageni na mafundi vijana, siku chache kabla ya masika. Waliokuwapo waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na dada zangu mnaofua, poleni na kazi. Wadogo zangu mafundi, hamjambo. Asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine ya kukaushia nguo, draya kama wengi mnavyoiita. Nianze na lile ambalo muuzaji wa mashine hawezi kuwaambia: jua likiwapo, anikeni. Jua la Tanga la saa sita mchana linakausha shuka ya kwanza wakati wewe bado unabana ya nne, linaondoa harufu, na halili uniti hata moja. Nyumbani kwangu Makorora nina kamba nne uani, na draya ambayo kuna miezi haiguswi kabisa.

Lakini masika ya hapa mnayajua. Yakishatua mwezi wa tatu, mpaka wa tano kamba haina uhakika. Shuka inakaa ukumbini siku mbili, haijakauka wala haijalowa, na ule uvundo ukishaingia kwenye pamba huutoi mpaka ufue upya. Mgeni anashuka basi saa kumi jioni, anataka kitanda. Mzee anayeuguzwa nyumbani na kujiharibia shuka hawezi kusubiri mawingu yapite. Mama aliyejifungua juzi ana rundo la nepi. Hapo draya si anasa tena. Ndiyo maana ikiharibika watu hufadhaika, aliyefadhaika humbana fundi, na fundi aliyebanwa hufanya jambo ambalo nimekuja hapa kuwaomba msilifanye. Nitalifikia.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Watu wengi wanadhani draya ni jiko: unaweka nguo, unazichoma, zinakauka. Sivyo. Draya ni mashine ya upepo. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye hita ikapata moto, inaingia ndani ya pipa linalozunguka, inapenya katikati ya nguo, inabeba mvuke, inapita kwenye chujio, kisha inatupwa nje kwa bomba. Kazi ya hita ni kuipa hewa uwezo wa kubeba maji mengi zaidi. Anayebeba ni hewa. Ukiwa na moto mkali na hewa haitembei, utapata nguo za moto zilizolowa, kama nguo zilizotoka kwenye sufuria ya kupikia.

Kwa hiyo mtu akinijia akasema, fundi, draya yangu zamani ilikausha kwa saa moja, sasa inachukua saa mbili na nusu, hita imechoka, mimi sifungui begi la vifaa. Hita haichoki hivyo. Hita ama inafanya kazi ama imekatika. Kilichochoka ni pumzi. Nauliza: chujio lilisafishwa lini? Bomba linatokea wapi? Mara nyingi nusu ya jibu naiona usoni kwake kabla hajasema.

Sasa huu uchafu unaokaa kwenye chujio, ule wa kijivu na mwepesi, tuuite usufi wa nguo, maana kwa kuuona na kuushika ni usufi hasa. Ni nyuzi za pamba zilizokatika nguo zikisuguana. Waliolalia mito ya sufi wanajua sufi na kiberiti havikai pamoja. Na Tanga hii, mji wa mkonge, sina haja ya kumweleza mtu mzima habari za nyuzi kavu na moto. Mkonge uliletwa nchini 1893, na tangu hapo vizazi vimekula kwa mkonge. Baba yangu alifanya kazi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge. Alikuwa akisema kwamba katika chumba cha brashi, ambako singa, zile nyuzi za mkonge, zinasuguliwa mpaka vumbi linajaa hewani, mtu akiingia na sigara alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, hata awe nani. Vumbi lile na usufi wa draya yako ni ndugu. Tofauti ni kwamba korona hawakuweka hita katikati ya vumbi. Wewe unayo, tena ndani ya chumba kimoja na magodoro.

Si maneno ya kutisha watu. Marekani, ambako draya ni kitu cha kila nyumba, idara yao ya zimamoto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulitokea mioto takribani 2,900 kila mwaka majumbani iliyoanzia kwenye draya, na watu kama watano walikufa kila mwaka. Na sababu iliyoongoza haikuwa waya mbovu wala mashine ya bei rahisi. Ilikuwa kutosafisha.

Basi chujio lisafishwe kila mzigo. Nasema kila mzigo, mama zangu, si kila jioni. Unatoa nguo, unatoa chujio, unapitisha vidole, unarudisha. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Na mara moja kwa mwezi lioshwe kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani, hasa kwenu mnaopenda zile dawa za kulainisha na kunukisha nguo. Dawa zile huacha utando kwenye wavu wa chujio, na utando huo hauonekani kwa macho. Jaribu hivi leo ukifika nyumbani: shika chujio lako lililo safi kwa kulitazama, limiminie maji ya kikombe. Maji yakipita mara moja, ni zima. Yakisimama juu kama yamemwagwa kwenye sahani, basi hewa nayo ilikuwa inasimama hivyo hivyo. Lioshe, likauke kabisa, ndipo ulirudishe. Na chujio lililotoboka usiliunge kwa uzi. Badilisha, kwa sababu linapotoboka usufi unapita na kwenda kukaa usikokuona, kwenye feni na kwenye bomba.

Bomba ndilo linalonipa kazi kuliko vyote hapa mjini. Bomba zuri ni la bati laini kwa ndani, upana wa inchi nne, fupi, lenye kona chache, linalotoka moja kwa moja nje ya ukuta. Ninachokuta ni lile la plastiki lililokunjwakunjwa kama utumbo, refu mara tatu ya linavyohitajika, limelala sakafuni, mashine imesukumwa ukutani mpaka bomba limekuwa bapa. Wengine wamelitoboza darini, eti nje ni mbali. Dari lako sasa linapokea maji ya nguo na usufi kila siku, mbao zinaoza, na juu ya dari ndiko waya zote za nyumba zilikopita. Wengine wameliunga kwa skrubu, na ncha za skrubu zimetokeza ndani, kila ncha imeshika usufi, usufi umeshika usufi, mpaka njia imezibwa. Bomba liungwe kwa ile tepu ya bati au kwa kibano cha nje.

Halafu kuna wavu wa mbu. Hili nataka nilikazie kwa sababu linafanywa na watu makini, wenye nia njema kabisa. Nyumba moja Raskazone niliitwa mara mbili katika mwaka mmoja. Draya mpya, bomba fupi, chujio safi, na bado haikaushi. Mara ya pili nikazunguka nje. Kwenye tundu la kutokea hewa fundi mwashi alikuwa amebandika wavu wa mbu, tena ameusakafia vizuri pembeni. Ule wavu ulikuwa umevaa zulia la usufi, nene kama kidole. Nikauchana kwa bisibisi. Mwenye nyumba akawasha mashine, upepo ukatoka, akaweka mkono pale akacheka kwa furaha. Mbu, mjusi na ndege tunawazuia kwa kile kifuniko chenye vibapa vinavyofunguka hewa ikitoka na kujifunga mashine ikizimwa. Wavu, hapana. Na vibapa hivyo mvikague, kwa sababu nyigu wa udongo wanavipenda sana, wakijenga hapo havifunguki.

Nyumbani, bomba lisafishwe lote angalau mara moja kwa mwaka. Kwa nyumba ya wageni inayokausha mizigo mitano kwa siku, kila mwezi lifunguliwe.

Sasa nalifikia lile jambo, na hapa nazungumza zaidi na vijana mafundi.

Ndani ya draya, karibu na hita au kwenye njia ya feni, kuna kidude kidogo chenye miguu miwili, kinaitwa fyuzi ya joto. Thamostati ndiyo inayowasha na kuzima hita wakati wa kazi, tena mara nyingi ndani ya saa moja. Fyuzi ya joto haifanyi kazi hiyo. Yenyewe imekaa pale inasubiri siku moja tu. Joto likizidi lile lililoandikwa ubavuni mwake, inakatika, na haiungiki tena. Katika baadhi ya mashine ikikatika inazima hita peke yake, katika nyingine inazima kila kitu. Ukiipima kwa mita ikiwa nzima inasoma karibu na sifuri. Ikikatika haisomi kitu.

Miaka mingi iliyopita, siku ya Ijumaa, niliitwa nyumba ya wageni ambayo sitaitaja. Walikuwa na wageni wa harusi. Draya inazunguka vizuri, joto hakuna. Nikapima, fyuzi ya joto imekatika. Tanga nzima nikaikosa. Dar wakaniambia Jumatatu. Mama mwenye nyumba akanishika mkono. "Fundi, wageni wangu watalala kwenye magodoro matupu? Nifanyie lolote." Nami nikamjibu, "Mama, ipo njia." Nikachukua kipande cha waya, nikaidairekti, yaani nikaunga umeme upite bila fyuzi. Joto likarudi. Akanilipa, akanishukuru, akanipa na soda.

Sikuuliza fyuzi ilikatika kwa nini. Hilo ndilo kosa lenyewe, nataka mlisikie. Sikuzunguka nyuma ya mashine. Kama ningezunguka ningeona bomba limebanwa ukutani limekuwa bapa, na ningeona usufi umejaa mpaka kwenye mdomo wa feni. Fyuzi ilikuwa imefanya kazi yake siku ile iliyokuwa ikiisubiri, na mimi nikaiondoa njiani.

Jumamosi usiku binti aliyekuwa zamu alinusa moshi. Alipofika, ndani ya pipa mna mwanga mwekundu. Mungu ampe heri binti yule, alikuwa na akili kuliko mimi: hakufungua mlango wa mashine. Alikimbilia meini swichi akazima nyumba nzima, akafunga mlango wa chumba cha kufulia, akaita watu. Wageni wote walitoka salama. Chumba kiliungua, shuka za harusi ziliungua, na yeye aliungua mkono wa kulia pale alipoushika mlango wa bati kuufunga. Alama ile ipo hadi leo. Nimemwomba radhi, amenisamehe, tena alinisamehe kwa maneno mazuri kuliko niliyostahili. Mimi ndiye niliyebaki na kiapo kwamba kila nitakaposimama mbele ya mafundi nitaisema habari hii.

Kwa hiyo vijana, mteja akikubana, mwambie hapana. Mwambie leo tutakamua vizuri, tutapiga pasi, tutaomba kwa jirani, tutafanya kila kitu isipokuwa hiki. Na ukibadilisha fyuzi ya joto, weka yenye joto lile lile lililoandikwa kwenye ya zamani, usiweke kubwa zaidi kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Kisha usiondoke mpaka umejua kwa nini ya kwanza ilikatika. Mara nyingi utaikuta sababu ndani ya bomba. Mara nyingine ni thamostati iliyoganda ikashindwa kuzima hita, au feni iliyolegea kwenye shafti ikawa mota inazunguka na yenyewe imesimama.

Tuingie kwenye upimaji, na huu hata dada zangu madobi mnaweza kuufuata, mjue fundi anafanya nini na msidanganywe. Cha kwanza plagi inachomolewa. Si kuzima swichi, ni kuchomoa, na plagi ikae mahali unapoiona. Kama mashine ina kapasita, kile kidude kinachotunza umeme wa kuanzishia mota, usiishike miguu yake kwa vidole mpaka itolewe umeme uliobaki.

Hita tunaipima hivi. Tazama kibandiko cha mashine kimeandikwa wati ngapi. Tuseme 2,400. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya, unapata ampia 10 na kidogo. Gawanya tena 230 kwa hizo ampia, unapata omu 22. Basi weka mita kwenye miguu miwili ya hita, baada ya kuchomoa waya zake: ukisoma karibu na 22, hita ni nzima, mwache mteja na pesa yake. Isiposoma kitu, imekatika. Pima pia mguu mmoja wa hita na bodi la mashine, yaani bati lake la nje. Hapo mita isisome kitu kabisa. Ikisoma, hita imelala kwenye bati na mashine hiyo inapiga shoti. Kama waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haukuungwa, na nyumba nyingi za zamani hapa Ngamiani ethi ni jina tu, anayelipa ni mtu anayefua akiwa peku kwenye sakafu yenye maji.

Mashine isiyowaka kabisa, anzeni na vitu vidogo: fyuzi ya ndani ya plagi, ile ya ampia 13, kisha swichi ya mlango, ambayo ina kijino kinachobonyezwa mlango ukifungwa, kikivunjika mashine inadhani mlango uko wazi. Mashine inayonguruma bila kuzunguka, fungua mlango uzungushe pipa kwa mkono. Likizunguka jepesi kupita kiasi, bila kuvuta kitu, mkanda umekatika. Likiwa zito la kawaida na mota inalia tu, shuku kapasita, au usufi ulioshika mota. Kelele ya kugonga dup, dup, dup ni rola zinazobeba pipa, zimechongeka; mlio mwembamba wa kukwaruza masikio ni kapi inayokaza mkanda; na ukisikia kitu kinakwaruza bati mara kwa mara, tafuteni sarafu au ule waya wa sidiria kabla hamjafungua chochote. Rola msizipake mafuta ya kupikia. Nimeikuta hiyo zaidi ya mara moja. Mafuta yanashika usufi, yanakuwa gundi, na yanawaka.

Habari ya mafuta inanifikisha kwenye jambo ambalo wenye hoteli hawalijui, na wakilijua hawaliamini. Vitambaa vya jikoni vilivyojaa mafuta ya alizeti, hata vikifuliwa, hubaki na mafuta kidogo. Ukivitia kwenye draya vikapata moto, kisha ukavitoa vya moto ukavirundika kwenye kikapu, yale mafuta yanaendelea kuungana na hewa na kutoa joto lake yenyewe. Katikati ya rundo joto halina pa kutokea. Saa mbili, saa tatu baadaye, hakuna aliyewasha kitu, kikapu kinafuka moshi. Kwa hiyo dakika za mwisho ambazo mashine inazungusha nguo bila joto msizikate kwa haraka zenu. Ziko pale kuzipoza. Na umeme ukikatika katikati, jambo tunalolijua sana, fungueni mlango, toeni nguo, zitandazeni. Msiache pipa limesimama na mzigo wa moto ndani yake mkaenda kulala. Kitambaa chenye petroli au mafuta ya rangi hakiingii kwenye draya kabisa, hata kifuliwe mara tatu.

Niseme kidogo juu ya uniti, maana najua ndizo zinazowauma. Kiswahili chetu kinanifurahisha hapa: tunafua nguo, tunafua nazi, na pale Hale, mkoani kwetu, watu wanafua umeme kwa maji ya Mto Pangani tangu 1964. Maji yanatupa umeme, nasi tunautumia kuondoa maji. Na kuyaondoa kwa moto ni ghali. Lita moja ya maji kuigeuza mvuke inahitaji karibu theluthi mbili ya uniti, hiyo ni kabla ya hasara za mashine yenyewe. Shuka zilizokamuliwa vibaya zinaweza kuingia na lita nne za maji. Piga hesabu. Mashine ya kufulia ikizungusha kwa kasi dakika tano zaidi, inatoa mengi ya maji hayo kwa umeme mdogo mno. Kwa hiyo anayetaka kuokoa pesa za LUKU aanzie kwenye kukamua. Wala usijaze pipa mpaka mlango unafungwa kwa goti. Nguo zinahitaji nafasi ya kuanguka, hewa ipite kati yake.

Na kuna lawama moja ambayo mashine haistahili. Mitaa ya pembezoni, jioni kila mtu akiwa amewasha, umeme hushuka. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, hita haipungui kidogo kama mnavyodhani. Ile ya wati 2,400 inabaki na kama 1,640, yaani karibu theluthi imepotea. Draya inayochelewa jioni na kuwa nzuri asubuhi, fundi asiifungue. Ikaushieni asubuhi.

Swali nililoulizwa mlangoni wakati naingia, kuhusu draya iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ndani ya kontena. Ndugu yangu, pole. Kule nyumba zina waya mbili zenye umeme na moja isiyo na umeme. Hita inakula volti 240 kati ya zile mbili, lakini mota inakula 120 kati ya mmoja na ule usio na umeme. Sisi hatuna umeme wa namna hiyo. Fundi akiunga kwa kubahatisha, mota inapata 230 na kuungua siku hiyo hiyo. Hata ukiipa mota transfoma yake, umeme wa kule ni wa hezi 60 na wetu 50. Mota itakwenda pole kwa sehemu moja ya sita, feni itapungua pumzi kwa kiasi hicho hicho, na mnajua sasa nini maana ya kupungua pumzi. Zilizotoka Uingereza hazina tabu hiyo, volti na plagi ni kama zetu. Ya Marekani, mimi siiungi.

Zile zisizo na bomba, za kondensa, zinageuza mvuke kuwa maji na kuyaweka kwenye trei. Mwageni trei, na lile sega la bati chini lisafishwe kwa brashi laini, kwa upole, vibapa vyake visilale. Zenye pampu ya joto zinakula umeme kidogo zaidi, lakini zina kompresa na gesi kama friji. Usufi msafishe wenyewe. Gesi mwachieni fundi wa friji.

Pwani yetu ina chumvi hewani. Vichwa vya waya vinashika kutu, kutu inaleta ukinzani, ukinzani unaleta moto pale pale kwenye kiungo. Kila nifunguapo mashine iliyo karibu na bahari nachomoa kila kiungo cha hita, nakisugua, nakikaza upya, hata kama sikuitwa kwa ajili hiyo. Plagi iliyobadilika rangi ikawa kahawia isirudishwe ukutani, na soketi yake ibadilishwe pamoja nayo. Ekstensheni, tena zile nyembamba za kuchajia simu, haziwezi ampia kumi kwa saa moja. Draya iwe na soketi yake ya ukutani. Na mjusi kafiri hupenda kulala juu ya kadi ya umeme, ule ubao wa saketi ulio ndani ya mashine, kwa sababu ina vuguvugu. Akikaa kwenye njia mbili kwa pamoja, yeye anakufa na kadi inakufa. Zibeni matundu ya nyuma yasiyo ya hewa. Yale ya hewa, tafadhali, yaacheni.

Nimemaliza ya kusema, yaliyobaki ni ya mikono. Ile mashine mezani ni mbovu kweli, imeletwa jana na mama aliyekaa pale mbele, na sijaifungua. Hii ninayoishika ni ile fyuzi ya joto niliyoitoa siku ya Ijumaa ile. Ipitisheni mkono kwa mkono, kila kijana aishike. Nawe mdogo wangu mwenye shati la bluu, njoo. Chomoa plagi, uiweke hapa juu tuione sote, halafu uanze kwa kuliondoa bomba.